Sekunde arobaini gizani: barua ya wazi kwa wanaoendesha jumba letu la maonyesho

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi, Mkurugenzi, na Meneja wa Fedha.

YAH: TANGAZO LILILOBANDIKWA MLANGO WA NYUMA

Waheshimiwa,

Tangazo lenu tumeliona. Lilibandikwa Jumanne kwenye mlango wa nyuma, juu ya daftari la mahudhurio, kwa hiyo kila aliyeingia kusaini alilisoma kalamu ikiwa mkononi. Linasema kwamba kuanzia mchezo ujao wavalishaji watapungua kutoka wanne hadi wawili, waigizaji wa akiba kutoka watatu hadi mmoja, na kile chumba cha mavazi mlichokigeuza sebule ya wageni wa heshima kitabaki sebule. Sababu mmeitoa kwa mstari mmoja tu: mnapunguza "gharama zisizoonekana na mtazamaji".

Niseme mapema kwamba siandiki kwa kuogopa kumwaga unga. Huyo mmoja wa akiba atakayebaki ni mimi. Nimeshaambiwa, nimeshapongezwa, na wapo wenzangu walioanza kunisalimia kwa ubaridi kama vile niliwachongea. Nimeandika kwa sababu ya hilo neno "zisizoonekana". Miaka yangu sita hapa nimeifanya kazi hukohuko kusikoonekana, na sikumbuki kumwona hata mmoja wenu huko wakati onyesho linaendelea. Mlikuja siku ya kupiga picha, taa zimewashwa na sakafu imefagiliwa. Siku ile pako kama ghala tu.

Wapenzi wa mpira hawahitaji kuelezwa akiba ni nini, ila ya kwetu ina tofauti. Mchezaji wa benchi huingia kucheza namba yake. Mimi huingia kucheza namba ya yeyote aliyeanguka. Kundi letu la kuimba na kucheza lina watu kumi na wanane. Sisi akiba watatu tumegawana, na mimi ninazo nafasi tisa: nyimbo zake, hatua zake, nani anashika kiti na nani anakipokea, nani anapita mbele na nani anapisha. Mkibaki na mimi peke yangu nitashika zote kumi na nane, zikiwemo za wanaume wawili ambao kazi yao ni kuwainua wenzao hadi mabegani. Mnionavyo hivi, mnaweza kukisia itakavyokuwa.

Ukingo wa mbele wa jukwaa umeandikwa namba. Sifuri iko katikati, halafu mbili, nne, sita, nane, kwenda kila upande. Mtazamaji hazioni. Kwangu mimi hizo ni anwani za watu. Ukurasa mmoja wa daftari langu unasema hivi: "Nafasi ya tano. Ingia kushoto nyuma ya mwenye kapu. Simama nane. Hesabu nane mara mbili. Geukia bega la kulia. MPISHE MEZA." Herufi kubwa niliziandika baada ya kugongwa na meza. Ina magurudumu, inasukumwa na watu wawili wasioona mbele, na haina breki.

Mwezi uliopita, onyesho la mchana, katikati ya sehemu ya kwanza, mwenzetu mmoja alitua vibaya na kifundo cha mguu kikageuka. Alimaliza wimbo. Huwa wanamaliza wimbo wote. Sijui ni ushujaa au ni ugonjwa wetu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nimevua viatu, nasugua nyayo, spika ya korido ikaniita. Dakika tisa baadaye nilikuwa jukwaani ndani ya gauni lake, bado lina joto la mwili wake, nikiimba sauti ya pili ambayo nilikuwa sijaiimba kwa wiki tatu. Sasa sikilizeni sehemu ambayo haikuandikwa kwenye ripoti ya onyesho kwa wino mzito. Akiba wenzangu wawili hawakuwa huru siku hiyo. Walikuwa jukwaani tangu Alhamisi, wameziba mapengo ya watu waliolazwa na mafua. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho. Kwa hesabu ya tangazo lenu, yule wa mwisho angekuwa ameshatumika siku mbili kabla, pazia lingeshushwa mbele ya ukumbi uliojaa, na Meneja wa Fedha angeshinda mchana ule akirudishia watu pesa zao.

Hilo la akiba angalau lina hesabu, na hesabu mnaielewa. La wavalishaji ni gumu kulieleza kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, ndiyo maana nitalieleza taratibu.

Kwenye sehemu ya pili kuna mahali ambapo mhusika mkuu anatoka jukwaani akiwa mtumishi wa ndani na kurudi akiwa bibi harusi. Bendi inapiga mahadhi yaleyale vipimo ishirini na vinne. Nimepima kwa saa: sekunde arobaini. Ninyi mnaziona taa zikibadilika, mandhari ikigeuka, wacheza dansi wakipita na maua, halafu huyo anatokea, ukumbi unashusha pumzi. Yanayotokea kwa upande wetu ni haya.

Mvalishaji mkuu, ambaye kila mtu humu anamwita Mama, hata mwongozaji, anakuwa ameshapiga magoti kwenye kona ya kushoto tangu wimbo uliotangulia. Shingoni ana kitaa kidogo alichokifunika kwa karatasi ya bluu, maana mwanga mweupe ungevuja hadi jukwaani. Gauni la harusi amelilaza sakafuni, amelifungua katikati kama mdomo wa kisima, na ndani ya huo mdomo amepanga viatu viwili vikiwa vimetazama mbele. Mwenzake amesimama nyuma na wigi mikononi, pini tano zimebanwa midomoni. Mwigizaji anafika akikimbia, anahema. Hakuna anayesema neno, kwa sababu maikrofoni yake inaweza kuwa bado hewani. Lugha ni ya vidole. Kugongwa bega mara moja maana yake toa mkono. Mara mbili, geuka. Nguo ya mtumishi inavuliwa kwa mvuto mmoja, kwani vile vifungo kumi na viwili mnavyoviona kifuani ni pambo tu, nyuma imeshikwa kwa sumaku. Anaingia kisimani kwa miguu yote miwili, gauni linapandishwa, zipu inapanda, wigi inashuka, pini zinaingia moja baada ya nyingine bila kutafutwa. Mtu anamwekea mrija wa maji mdomoni, anameza mafunda mawili. Mama anapitisha kiganja kwenye kisanduku cha maikrofoni kiunoni kuhakikisha waya haujabanwa na zipu. Kisha anamsukuma mgongoni, si kwa nguvu, kama unavyomsukuma mtoto siku ya kwanza ya shule.

Wakati huohuo, upande wa kulia, watu watatu wengine wanabadilisha nguo, na nyuma ya pazia la mwisho kuna mmoja anayefungwa ndevu. Ndiyo kazi ya hao wanne. Mkiwabakiza wawili, hawawezi kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia kwa sekunde arobaini, kwa sababu kile kinjia cha nyuma wakati huo kina mikokoteni ya mandhari na wacheza dansi kumi wenye maua. Nimejaribu mwenyewe kukipita. Nilitoka na petali mdomoni.

Nanyi mmeshawahi kuona inavyokuwa mvalishaji mmoja akikosekana, ila hamkujua mnachokiona. Kuna usiku mmoja wa wavalishaji wetu alikuwa mgonjwa. Bibi harusi akatokea na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa kimepigwa teke gizani, tukakikuta baadaye chini ya ngoma za akiba za bendi. Akacheza wimbo mzima mguu mmoja uko juu ya kisigino na mwingine mtupu, akachechemea kwa mapigo ya muziki, akaigeuza kuwa mzaha, na ukumbi ukavunjika mbavu. Baada ya onyesho mjumbe mmoja wa bodi alikuja hadi kwenye baraza akamshika mkono na kusema ule mchechemeo ni ubunifu wa hali ya juu, ubaki. Tulicheka sana chumbani. Kesho yake asubuhi goti la bibi harusi wetu lilikuwa limevimba. Halikuingia kwenye suruali yake ya mazoezi bila kupandishwa kwa mikono miwili, na nafasi yake ikachukuliwa na mwingine kwa maonyesho manne.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sina ugomvi nao, ila hawakutaja malipo ya waundaji.

Turudi kwenye gharama. Mhasibu wenu aliwahi kushuka kwetu na karatasi mkononi, anaona aibu kuanza. Alitaka kujua kwa nini idara ya sauti inanunua kondomu kila mwezi. Fundi sauti akamwonyesha: kisanduku cha maikrofoni kinavalishwa moja ili jasho lisiingie kwenye saketi. Mtu anayecheza dansi kwa saa mbili na nusu chini ya taa hutoa jasho la kutosha kuua chombo ambacho bei yake inashinda kondomu za mwaka mzima. Akaelewa, akacheka, akaondoka. Siku nyingine aliuliza kuhusu vodka ya idara ya mavazi. Hainywewi, waheshimiwa, huchanganywa na maji ikapulizwa kwapani mwa nguo zisizofulika kila siku, harufu ikafa. Namsifu yule mhasibu. Alikuja, akauliza, akaonyeshwa. Ninyi mmefuta watu wanne bila kushuka ngazi.

Sasa hilo la chumba. Tangu mkichukue, fremu za nguo zimehamia koridoni. Ziko sita, zina magurudumu, na ya mwisho inasimama mbele ya mlango wa dharura, kwa sababu hakuna pengine. Tunaisogeza mkaguzi akija. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo tunavyofanya, na meneja wa jukwaa ameshaliandika kwenye ripoti zake za usiku mara zisizohesabika.

Tarehe 30 Desemba 1903, mchana, ukumbi wa Iroquois mjini Chicago ulikuwa umejaa kupita kiasi, wengi wakiwa akina mama na watoto wa likizo. Kilichokuwa kikichezwa ni mchezo wa muziki wa kuchekesha, kama wetu. Jumba lilikuwa halijatimiza hata wiki sita tangu lifunguliwe, na lilitangazwa kuwa haliwezi kuungua. Taa kubwa ya jukwaani ikatoa cheche, kitambaa kikashika. Pazia la kuzuia moto likashushwa, likanasa njiani. Wasanii wakakimbilia mlango mkubwa wa nyuma, ule wa kuingizia mandhari, wakaufungua ili watoke. Hewa ya nje ikaingia kwa kishindo na kuusukuma moto chini ya pazia lililonasa, moja kwa moja kwa watazamaji. Milango mingi ya kutokea ilikuwa imefungwa, mingine imefichwa nyuma ya mapazia ya mapambo. Walikufa watu wasiopungua 602. Wasanii wengi walinusurika.

Soma tena mstari huo wa mwisho, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kule nyuma, ambako mtazamaji hakuoni, ndiko moto ulikoanzia, ndiko pazia liliponasa, ndiko mlango ulikofunguliwa, na waliokufa walikuwa wamekaa kwenye viti walivyovilipia. Fremu yetu ya sita imejaa kitambaa cha tule, nailoni na manyoya.

Kuna jambo la muda pia, nalipitia haraka kwa sababu halikuanza na tangazo hili. Wito wetu rasmi ni ule tunaouita nusu saa, ambao kwa kweli ni dakika 35 kabla ya pazia. Desturi hiyo imetoka Uingereza, ambako wito wote huhesabiwa hadi ule wa mwisho, wa kuwaita wanaoanza, nao hutolewa dakika 5 kabla. Saa yenu ya malipo huanza hapo. Lakini kupasha sauti, kusuka nywele chini ya kofia ya wigi, kubandika maikrofoni kwenye paji la uso kwa plasta na kurudia miinuko yote mtu asije akaangushwa, vyote hivyo vinafanyika kabla, bure. Hakuna anayeweza kuviacha. Ile noti ambayo bendi hulingania vyombo ni mitetemo 440 kwa sekunde, maana yake nyuzi za sauti za mwimbaji anayeishika zinagongana mara 440 kila sekunde. Mtu hawezi kuzitoa baridi akazipeleka huko. Mwaka 1919 waigizaji wa New York waligoma kwa mwezi mzima, na moja ya malalamiko yao ilikuwa mazoezi yasiyolipwa. Wa kundi la kuimba na kucheza, ambao hali yao ilikuwa mbaya zaidi, wakaunda chama chao, rais wake akawa Marie Dressler, nyota aliyeanzia kwenye kundi hilohilo. Sitangazi mgomo. Nakumbusha tu kwamba mazungumzo haya yana zaidi ya miaka mia, na bado dakika zetu arobaini na tano za mwanzo hazina jina.

Najua hali ya mfuko. Jumba la mkoani halina kivuli cha mji mkuu wa kujificha, tiketi moja isiyouzwa inaonekana, na paa lile la kushoto linavuja. Sisemi pesa zipo mahali mmezificha. Kama lazima kitu kikatwe, tuiteni mezani, tuwaonyeshe pa kukata. Wimbo wa pili una mabadiliko ya nguo mawili ambayo hayaongezi chochote. Mwongozaji ameshakubali moja liondoke. Meza ile ya magurudumu inaweza kwenda leo, na hakuna atakayeililia, mimi nikiwa wa kwanza. Moshi wa bandia kwenye sehemu ya mwisho unatukausha koo na unagharimu, upunguzwe nusu. Vitu vya namna hiyo tunavyo zaidi ya kumi, tumeviandika, karatasi iko kwa meneja wa jukwaa. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kutunzwa ni pamoja na kuulizwa.

Ombi langu ni moja, na halina gharama. Kabla ya kusaini mikataba ya mchezo ujao, kila mmoja wenu aje usiku mmoja asimame nasi kona ya kushoto. Onyesho zima. Tumeshazungumza na meneja wa jukwaa, amekubali wawili kwa usiku, kuanzia Alhamisi hii.

Fikeni wito wa nusu saa. Vaeni nguo nyeusi na viatu visivyolia. Mkikosa, Mama atawatafutia. Simu zizimwe kabisa, kunyamazishwa hakutoshi, kwa sababu mtetemo huingia kwenye vipaza sauti. Karibu na ngazi kuna taa mbili ndogo ukutani. Nyekundu ikiwaka, mtu anajiandaa. Ya kijani ikiwaka, mtu anakwenda, na hatasimama kwa ajili ya yeyote. Sakafuni kuna utepe mweupe. Kaeni nyuma yake. Mkigongwa bega mara mbili msigeuke kuuliza ni nani, sogeeni tu ukutani, maana nyuma yenu kuna mtu anayekimbia na hakuoni.

Wenu katika kazi,

Mwigizaji wa akiba, nafasi tisa,
Chumba cha kuvalia namba 6.

Nakala: Mama, aibandike pale kwenye kioo.